Kuipeleka Mashine ya Elia Ziwani

Kosa langu la kwanza nililifanya hapa hapa Manyoni, kabla sijafunga hata begi. Niliiwasha mashine ya boti juu ya benchi, nchi kavu, nikaiacha ingurume mpaka majirani wakatoka nje kuangalia. Nilikuwa na furaha. Sikujua kwamba mashine ya boti inapoozwa na maji ya ziwa, inayavuta yenyewe, na kwamba ndani ya mguu wake unaozama majini kuna kipande cha mpira kinachofanya kazi hiyo. Mpira huo ukizunguka bila maji unaungua. Mimi ni fundi pikipiki, na pikipiki inapoozwa na upepo. Kila injini niliyowahi kuigusa niliijaribu pale pale ilipokaa, na hii nayo nikaifanya hivyo hivyo.

Wengi wenu mmeniuliza safari ilikuwaje, na nimekuwa nikijibu "safi tu". Haikuwa safi. Naandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo huwa naruka yale yanayonitia aibu, na nikiyaruka hayo hakuna safari inayobaki.

Manyoni, kwenye benchi

Mnamkumbuka kaka yangu Elia. Baada ya wazazi wetu kuondoka tulibaki wawili, kisha yeye akaenda kuvua Ziwa Kitangiri, akaoa huko, na mwaka jana figo zikamwondoa. Alimwacha mkewe Kabula, Msukuma wa Meatu, na binti yao Limi, ambaye sasa ameanza darasa la kwanza. Aliacha pia boti, na mashine ambayo ilikuwa imekufa kabla yake.

Baada ya arobaini Kabula alinipigia simu. Alisema, "Shem, mashine ya Elia naituma kwa gari la samaki. Itengeneze, kisha uilete mwenyewe." Hakusema zaidi. Mengine niliyajaza mimi. Nilijiambia kwamba mashine ikiwaka, Kabula atakodisha boti kwa wavuvi, atabaki ziwani, Limi atakulia pale, na mimi nitakuwa na mahali pa kwenda Krismasi. Ikikataa kuwaka, wataondoka, na jina la ukoo wetu nitabaki nalo peke yangu humu chumbani. Niliibeba hesabu hiyo safari nzima. Ndiyo iliyonifanya niifanye kazi ile kama mgonjwa wa homa.

Mashine yenyewe ni ya silinda moja, ya zamani kiasi kwamba maandishi yake yamefutika. Moto wake ulikuwa unaongozwa na kiboksi cha plastiki, kile ambacho sisi wa pikipiki tunakiita sidiai. Kikifa hakifunguliwi, unatafuta kingine, na cha aina ile hakuna duka lililokuwa nacho, si Singida wala Dodoma. Nikaamua kuirudisha kwenye mfumo wa zamani wa platini na koili. Platini ni vidole viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikigusana, umeme wa betri unaingia kwenye koili. Vikiachana, koili inautema kwenye plagi na cheche inaruka. Kila kinachofanyika unakiona kwa macho. Nadhani ndiyo maana niliupenda mfumo ule, mimi ambaye naogopa vitu vinavyoharibika kimya kimya ndani ya boksi.

Platini, koili na kondensa nilizitoa kwenye pikipiki chakavu. Ugumu ulikuwa kwenye kola, yaani pete ya chuma inayovaa shafti, yenye nundu moja ya kuzisukuma platini zifunguke kila shafti inapozunguka. Hakuna anayeiuza. Nilikata chuma kwa msumeno nikakichonga kwa tupa. Ya kwanza ilikuwa nzuri, nikaitupa. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi, nayo nikaitupa. Jirani yangu muuza mkaa aliniuliza kama nachonga pete ya harusi.

Nafasi ya platini niliipima kwa nyembe nne zilizobanwa pamoja, kwa kuwa kipimo chenyewe sina. Muda wa cheche niliupima kwa kitaa cha dashibodi: kikizimika, platini zimeachana. Nilipiga alama ndogo kwa patasi kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na shafti, na kitaa kilitakiwa kizimike alama ikiwa hasa mahali pake. Kikizimika mapema kwa unene wa unywele, nilianza upya. Yote haya niliyasoma kwenye simu, nikitazama video za watu wa nchi nyingine, na kila video ilihusu cheche. Hakuna hata moja iliyozungumzia maji.

Manyoni hadi Issuna

Niliivingirisha mashine kwenye blanketi la Elia, lile ilimokuja imefungwa, nikaifunga kwa mipira ya tyubu. Konda wa basi akaiangalia.

"Hiyo inaingia kwenye buti, kijana."

"Haiwezi kulala."

"Kwani ni mtu?"

"Ikilala vitu vitahama ndani. Nitailipia siti."

Akanitazama vizuri, akaacha. Nikaiketisha dirishani, nikakaa pembeni yake, mkono nimeuweka juu ya blanketi ili nisikie kama kuna kinachogonga. Kila tuta nilifumba macho. Najua nilivyoonekana. Wakati ule sikujua.

Karibu na Issuna basi likachemsha. Mvuke ukatoka mbele, dereva akaegesha, abiria wakashuka wakilalamika. Pampu ya maji ilikuwa imekufa, na nyingine ililetwa kutoka Ikungi. Mimi nilisimama nyuma ya utingo nikaangalia wanavyoitoa ile mbovu, nikaona kabisa jinsi injini isiyopata maji inavyojiua, na akili yangu haikuniambia kitu.

Sikuthubutu kuiacha mashine ndani ya basi. Niliishusha nikaipakata, nikaenda nayo kwenye kivuli cha ukuta wa duka, nikaisimamisha kando yangu. Bibi mmoja aliyekuwa anaelekea Singida mjini akaja kukaa karibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole sana."

"Asante, bibi."

"Aliugua muda mrefu?"

Nilidhani ananifahamu. Manyoni si kubwa, nikafikiri ameniona kanisani au amesikia habari za Elia kwa mtu. Na niseme ukweli: ilikuwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza.

"Miezi michache. Ni figo."

"Figo." Akaweka mkono wake juu ya blanketi. "Na mama?"

"Mama alitangulia. Baba pia."

"Huna wa kukusindikiza?"

"Sina, bibi."

Bibi akainuka polepole, akaenda kwa wanawake waliokuwa wananunua karanga. Baada ya hapo mambo yakaanza kubadilika bila mimi kuelewa. Mama mmoja akaniletea viazi vitamu vya kuchemsha kwenye sahani, na alipotaka kunipa alipiga goti kidogo. Mwanamume aliyekuwa anapiga muziki kwenye simu akauzima. Mzee mmoja akavua kofia alipopita mbele yangu. Nilikula viazi nikifikiri watu wa Issuna wana adabu kuliko sisi.

Kisha konda akaja, uso umekunjamana.

"Kijana, kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini?"

"Usinifanye mtoto. Hospitali wanatoa kibali. Maiti haipandi basi langu kama gunia la vitunguu."

"Maiti gani?"

Wote walikuwa wanaliangalia blanketi. Nililiangalia na mimi, nikaona wanachokiona: kitu chenye urefu wa mtoto, kipana juu, chembamba chini, kimefungwa vizuri mno, na kijana aliyekataa kukiachia hata kwenda haja. Nilifungua mipira. Panga la mashine linalosukuma maji likatokeza, zile mbawa tatu.

Kisha mtu nyuma akasema, "Marehemu ana feni."

Walicheka mpaka dereva akaacha kazi akaja kuuliza kuna nini. Konda alicheka kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeogopa kuliko wote. "Ndiyo maana haiwezi kulala," alikuwa anarudia. "Haiwezi kulala." Mimi nilitafuta shimo la kuingia sikuliona. Nikachukua sahani yenye viazi vilivyobaki nikampelekea bibi.

"Bibi, naomba unisamehe. Sikujua mnadhani hivyo."

Yeye hakuwa anacheka. "Ulinidanganya?"

"Hapana."

"Ulisema figo. Ni hili chuma lililokuwa na figo?"

"Ni kaka yangu. Hii ilikuwa yake. Nampelekea mkewe."

"Basi kula viazi vyako," alisema. "Pole haikukosea nyumba."

Issuna hadi Singida mjini

Tuliondoka jua likianza kushuka. Bibi alikaa mbele, alikuwa amesinzia, na sikumsemesha tena. Abiria waliniita "mfiwa wa feni" mpaka Ikungi, kisha wakachoka.

Singida mjini nilipata chumba karibu na stendi. Kabla ya hapo tulikuwa tumeliona Ziwa Singidani kando ya mji, na watoto wakiwa wanaogesha ng'ombe. Ningeweza kesho yake asubuhi kuibeba mashine mpaka ukingoni, kuiingiza mguu majini na kuivuta kamba. Ningejua kosa langu siku ile, tena nikiwa karibu na maduka. Wazo hilo lilinijia. Nililikataa kwa sababu watu wangesimama kunitazama, na mimi siwezi kufanya jambo lisilo na uhakika mbele ya macho ya watu. Nikabaki chumbani nikapima platini kwa nyembe zangu. Zilikuwa pale pale nilipoziacha.

Jioni niliagiza kuku na ugali kwenye kibanda. Mhudumu akaleta sahani mbili.

"Niko peke yangu," nikamwambia.

"Kuku mzima unakula peke yako?"

Sikuwa najua kuwa niliagiza kuku mzima. Nilikula nilichoweza, na robo iliyobaki nikamwachia mlinzi, ambaye aliipokea bila kukatiza maongezi yake na mtu mwingine.

Singida hadi Nduguti

Kigari cha Nduguti hakiondoki mpaka kijae, na kikishajaa kinasimama Iguguno kujaa zaidi. Tulikaa pale tukingoja mtu mwenye mbuzi wawili ambaye kila mara alikuwa "anakuja hapo tu". Pembeni yangu alikaa kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki mapajani.

"Na wewe ni ajira mpya?" akaniuliza.

"Naenda ziwani."

"Aa, idara ya uvuvi. Afadhali wewe. Mimi naripoti halmashauri, sijui hata kama kuna nyumba za kupanga."

Nilitaka kumsahihisha, lakini alikuwa ameshaanza kunieleza jinsi mama yake alivyolia stendi Moshi, na jinsi yeye alivyojifanya anatafuta chaji ya simu ili asitazamane naye. Nikamwacha aendelee. Tulipofika Nduguti alisimama mbele ya majengo mapya ya serikali, akanishika mkono kwa nguvu akasema, "Tutafutane basi, sisi wageni." Hatukupeana namba. Nililifikiria hilo njia nzima iliyobaki.

Nduguti hadi ziwani

Nilipata lifti kwenye lori linalofuata samaki, limebeba maboksi matupu. Dereva, mtu mzima wa Kinyiramba, alikuwa ndiye aliyeileta mashine Manyoni.

"Kumbe ndiyo wewe mdogo wake Elia."

"Ndiyo, mzee."

"Nikadhani utakuwa mkubwa zaidi." Akabadilisha gia. "Basi vizuri. Mrithi amefika."

"Mrithi wa nini?"

"Wa nini tena? Wa mama Limi. Huko wanakungoja, hata jogoo wa kukuchinjia ameshachaguliwa."

"Mimi naleta mashine tu, mzee."

"Wote husema hivyo," akajibu, akacheka peke yake mpaka kwenye korongo lililofuata.

Lori lilikwama kwenye korongo hilo. Tulikata matawi tukayaweka chini ya matairi, na mimi nilikataa kusukuma mpaka nilipohakikisha mashine imesimama imara kati ya maboksi. Dereva alisema Elia alikuwa anasukuma kwanza na kuuliza baadaye. Alikuwa sahihi.

Tuliingia kijijini jua likiwa bado juu. Kabula alitoka nje ya uzio wa miiba, akakunja goti kidogo kunisalimia kama kwao wanavyofanya. Limi alijificha nyuma yake.

"Mwamkie baba yako mdogo."

"Shikamoo, baba mdogo."

Ana macho ya Elia. Nilisema marahaba, nikajifanya nafungua mipira ya tyubu.

Ziwani

Kesho yake asubuhi wavuvi walikuja kuangalia. Aliyewatangulia ni mtu mzima anayeitwa Baba Kiula, mwenye mitumbwi kadhaa, mtu wa maneno machache. Tuliifunga mashine nyuma ya boti ya Elia, nikaunganisha betri, nikavuta kamba.

Iliwaka kwa mvuto wa kwanza.

Naomba mnielewe. Hakuna kitu maishani mwangu kilichowahi kuwaka kwa mvuto wa kwanza. Nilimtafuta Kabula kwa macho, nikamwona amesimama na ndoo, na nilitaka kusema jambo, lakini kijana mmoja akapaza sauti, "Fundi, mtoto wako hakojoi!" Wenzake wakacheka. Nilidhani ni matusi ya hapo, nikatabasamu kama mjinga.

"Zima," alisema Baba Kiula.

"Inakwenda vizuri, mzee."

"Zima, kijana. Itakufia."

Alizima mwenyewe. Akanionyesha tundu dogo ubavuni mwa mashine ambamo maji yanatakiwa kuchuruzika muda wote injini inapofanya kazi. Pakavu. Aliufungua mguu kwa spana zake, akatoa kitu kilichokuwa mpira, sasa kimekakamaa na kukatika mabawa.

"Hii uliiwashia wapi?"

"Manyoni."

"Manyoni kuna ziwa tangu lini?"

"Kwenye benchi, mzee."

Wale vijana walikaa chini kabisa kwa kicheko. "Hata pipa la maji mlikosa huko?" mmoja aliuliza, na kwa kweli alitaka kujua.

Kwa mtu kama mimi, hayo ndiyo yale ninayoyaogopa usiku na mchana: kukosea kitu ambacho kila mtu anakijua, mbele yao wote. Lakini Baba Kiula hakucheka wala hakunikemea. Alisema ana mashine iliyokufa nyumbani, na mpira wake unaingiliana na huu. Akaenda, akarudi nao, ukiwa mgumu kwa kukaa. Aliuloweka kwenye maji ya moto huku akiniongelesha, kwa wema kabisa.

"Moto umeufanya vizuri. Ni kazi safi. Nilimwambia mama Limi, boti tupu siitaki, za kasia ninazo. Lakini mashine ikivuta nachukua vyote viwili, hata leo, na kesho kutwa yeye na mtoto wanapanda gari la Meatu."

Aliongea kama mtu anayerudia jambo ninalolijua. Nikaitikia, "Sawa, mzee." Kisha nikaenda kumtafuta Kabula.

Alikuwa kwenye kichanja cha moshi, anageuza perege wa mtu mwingine.

"Shem, unaondoka?"

"Naondoka."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza." Aliendelea kugeuza samaki. "Kila ulipopiga simu ulikuwa unaniambia wewe. Boti itakodishwa, Limi atasoma hapa, utakuja Krismasi. Ulikuwa na furaha, shem. Tangu tumzike Elia sikuwahi kukusikia hivyo. Nikasema nitamwambia akifika."

"Na mashine ikigoma?"

"Nitabaki hapa nikikausha samaki wa watu. Mama yangu yuko peke yake Meatu. Na hapa kila anayepita ananiuliza narithiwa lini." Akaniangalia. "Nimewaambia shem wangu ameleta mashine tu. Nimesema kweli?"

"Umesema kweli."

"Basi kaa ule."

Alinipa ugali wa mtama na mlenda. Niliula wote, sikusikia ladha.

Baba Kiula alimaliza kufunga mguu, akasema anakwenda kula na kurudi. Nikabaki na mashine, kwa kisingizio cha kuangalia platini kama hazikuingia maji. Nilifungua kifuniko. Kibao cha platini kimeshikwa na skrubu mbili. Ukizilegeza na kukisukuma kidogo tu, cheche inakuja kwa kuchelewa, mashine inakohoa, inakataa mzigo, na hakuna mtu pale ambaye angejua kwa nini. Wangesema platini za pikipiki hazifai boti. Hata mimi ningeweza kusema hivyo, nao wangenihurumia. Boti isingenunuliwa, Kabula na Limi wasingekuwa na namna ya kuondoka, na Krismasi ningepanda lori lile lile.

Nilizilegeza skrubu. Nilikisukuma kibao. Nikaunganisha kitaa, nikazungusha flaiwili kwa mkono. Alama ikafika mahali pake na kitaa kikabaki kinawaka, kikazimika baadaye, mahali pasipo na maana yoyote.

Limi alikuwa amekuja bila mimi kumsikia. Akauliza, "Baba mdogo, imeharibika?"

"Bado," nikamwambia. Sijui nilimaanisha nini.

Mngependa niandike kwamba nilikumbuka wema wa bibi wa Issuna, au nilimwona Elia akinitazama. Haikuwa hivyo. Nilichokuwa naona ni ile alama tu, na kitaa kinachozimika pasipo pake, na sikuweza kuvumilia. Nilikuwa nimeitupa kola nzuri mara mbili kwa ajili ya alama ile. Nikapanga nyembe nne, nikakirudisha kibao, nikazungusha, nikakaza, nikazungusha tena. Kitaa kikazimika hasa pale. Nikafunga kifuniko, na ndipo niliposhtuka kwamba nimeshaamua.

Mchana tuliingia majini, Baba Kiula kwenye usukani, mimi, Kabula na Limi katikati. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa kwenye boti, nilishika kingo zote mbili. Mashine iliwaka, maji yakachuruzika ubavuni, na Limi akapiga kelele kwamba inakojoa. Baba Kiula aliiachia mpaka mbele ya boti ikanyanyuka. Kabula aliweka mkono mmoja juu ya kifuniko cha mashine, kama yule bibi alivyofanya juu ya blanketi, akauacha hapo mpaka tulipogeuza. Mtu hawezi kuongea kwenye boti yenye mashine nzima.

Tuliporudi ufukweni Baba Kiula aliingia ndani na Kabula wakamalizana. Mimi nilibaki nje nikikunja waya zilizobaki.

Kurudi

Niliwasindikiza mpaka barabarani, pale gari la kuelekea daraja la Sibiti na Meatu linaposimama. Kabula alikuwa na mabegi na kuku wawili, na mmojawapo, jogoo, aliniambia ndiye aliyekuwa amechaguliwa kwa ajili yangu. Tulicheka kidogo. Akataka kunirudishia blanketi la Elia. Nikamwambia Meatu kuna baridi ya asubuhi. Akasema, "Meatu hakuna baridi, shem," akanipa. Limi aliniamkia shikamoo badala ya kuaga, kwa kuwa hakujua linalofaa, na mimi nikaitikia marahaba.

Nilirudi kwa magari yale yale, kwa njia ile ile. Nduguti nilitazama kama nitamwona yule kijana mwenye bahasha, sikumwona. Kutoka Singida mjini nilipata siti ya dirishani, na ya pembeni yangu ilikuwa tupu. Blanketi nililiweka mapajani. Issuna basi halikusimama.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kilichobadilika ni kidogo. Nina pipa la maji kwenye karakana, mmeliona na mmelicheka, na hakuna aliyewahi kuniletea mashine nyingine ya boti. Jumapili jioni napiga simu Meatu, na siku hizi nauliza kwanza, kisha nanyamaza nisikilize. Mara ya mwisho nilimuuliza Kabula kama naweza kwenda Krismasi. Alisema atamuuliza mama yake, na namngoja anijibu.